Saa Ndani ya Chipu: Mafunzo Niliyopata Ufukweni Kigoma

Kuanzia Kibirizi hadi Katonga na Ujiji, dagaa na migebuka huvuliwa usiku, na usiku wa ziwani hauendi bila taa. Karabai zimezipisha taa za LED, na taa za LED zimeleta biashara mpya ufukweni: vibanda vya sola vinavyochaji betri mchana na kuzikodisha jioni. Mimi ni fundi wa elektroniki, na sehemu kubwa ya kazi yangu sasa ni maboksi madogo yanayofungwa kwenye betri hizo. Boksi linapima volti, linazima taa kabla betri haijakauka, na linaweka kumbukumbu ya usiku mzima. Asubuhi betri inaporudi, mwenye kibanda anachomeka waya tatu na kusoma kwenye kompyuta betri ilitumika kwa muda gani na ilishuka mpaka volti ngapi. Hesabu ya malipo inaanzia hapo, kwa hiyo boksi likishindwa kuongea, kuna ugomvi ufukweni.

Ndani ya kila boksi kuna maikrokontrola ya ATmega328P inayokwenda kwa saa yake ya ndani ya megahezi 8, bila kristali ya nje. Kristali si ghali, lakini ikikosekana hapa inaagizwa Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Tena ni kipande chembamba cha kwatzi ndani ya kopo la chuma, na betri za wavuvi hushushwa mtumbwini kwa kurushiwa mchangani. Na inakula miguu miwili ya chipu ambayo mimi nina kazi nayo. Saa ya ndani imechongwa kwenye silikoni yenyewe, haina kitu cha kulegea wala kuvunjika.

Shida yake ni kwamba kila chipu ina mwendo wake. Kitabu cha data cha chipu hii kinaahidi kwamba inapotoka kiwandani, kwa volti 3 na nyuzi 25 za Selsiasi, saa ya ndani itakuwa ndani ya asilimia 10 ya megahezi 8. Ukiisawazisha mwenyewe, kwa volti na joto ulivyovichagua, unaweza kufika asilimia 1. Nyingi ya chipu nilizopima zilikuwa karibu zaidi ya ahadi hiyo ya 10, lakini biashara ya kibanda haiendeshwi na zile nyingi; inaharibiwa na zile chache. Haya ndiyo niliyojifunza katika kuzileta zote kwenye mwendo mmoja.

1. Jua kwanza unaruhusiwa kukosea kiasi gani

Mawasiliano ya seriali tunayotumia hayana waya wa saa. Mtumaji na mpokeaji wanakubaliana kasi mapema, kisha kila mmoja anahesabu kivyake. Kwa kasi ya 9600, biti moja hukaa kwenye waya kwa takribani maikrosekunde 104. Mpokeaji huamshwa na biti ya kuanzia, waya unaposhuka kutoka juu kwenda chini. Anasubiri muda wa biti moja na nusu ili afike katikati ya biti ya kwanza ya data, halafu anachungulia kila baada ya biti moja mpaka amalize biti 8 na ile ya kufungia.

Katikati ya biti ya kufungia ni biti 9 na nusu tangu mwanzo. Akifika hapo akiwa amepotea kwa nusu biti, anasoma biti ya jirani. Nusu ukiigawa kwa 9.5 unapata asilimia 5.3, na mpokeaji halisi hafiki hata hapo, kwa sababu naye huchungulia kwa vipande vya muda, si papo hapo. Kitabu cha data kinashauri tofauti isizidi asilimia 2 kwa biti 8 za data, na 1.5 ukitumia mwendo maradufu wa UART, ile sehemu ya chipu inayoendesha mawasiliano hayo. Nafuu iliyopo ni kwamba kila herufi huanza hesabu upya kwenye biti yake ya kuanzia, kwa hiyo kosa halirundikani kutoka herufi moja hadi nyingine. Ujumbe wa herufi elfu hauna hatari zaidi ya ujumbe wa herufi moja.

Asilimia hizo ni za tofauti kati ya pande mbili. Boksi lililotangulia kwa 2 na kisomaji, yaani kifaa kinachopokea data yake, kilichochelewa kwa 2 vimetengana kwa 4. Ndiyo maana kisomaji cha kibandani nimekipa kristali: bajeti yote ya makosa nimeiachia boksi.

2. Vichorochoro vinasomeka

"Fundi, boksi hili leo linaandika vichorochoro," mama mwenye kibanda huniambia kwa simu, na mimi humwomba asichomoe waya kwanza, anitumie picha ya skrini. Picha hiyo hunieleza mengi kabla sijapanda bodaboda.

Chukua herufi K. Namba yake ni 75, na biti zake hutumwa kuanzia ile ndogo: 1, 1, 0, 1, 0, 0, 1, 0. Mbele yake inatangulia 0 ya kuanzia, nyuma yake inafuata 1 ya kufungia. Biti ya nane ya data ni 0, na ndivyo ilivyo kwa kila herufi tunayoandika kwa kawaida. Sasa, mpokeaji akiwa mzito kuliko mtumaji, anachungulia akiwa amechelewa, na ucheleweshaji huo ni mkubwa zaidi mwishoni. Biti za mwanzo anazisoma sawasawa. Ya nane anaifikia ikiwa imeshapita, anakutana na 1 ya kufungia, na 75 inageuka 203. K imekuwa herufi ya ajabu kutoka nusu ya juu ya jedwali. Nikiona ujumbe mzima umehamia huko, kila namba imeongezewa 128, najua kisomaji kinaachwa nyuma, yaani boksi linakimbia.

Mpokeaji akiwa mwepesi kupita kiasi mambo hugeuka. Anapodhani amefika kwenye biti ya kufungia, bado yuko kwenye ya nane, anasoma 0 palipotakiwa 1, na UART inainua alama ya kosa la fremu. Boksi hapo linajikongoja. Dalili hizi huonekana safi herufi zikiwa na nafasi kati yao. Zikifuatana bila pumzi, kosa la herufi moja humeza mwanzo wa inayofuata na picha inavurugika, kwa hiyo programu yangu ya majaribio huacha mwanya baada ya kila herufi.

3. Kasi mbaya haiponywi na saa nzuri

Kasi ya UART hupatikana kwa kugawa masafa ya saa kwa namba kamili. Megahezi 8 ukizigawa kwa 16 na kisha kwa 52 unapata 9615, ambayo imezidi 9600 kwa asilimia 0.2 tu. Jaribu 115200 na saa hiyohiyo: namba ya karibu kabisa inakupa 111111, pungufu kwa asilimia 3.5, hata kama saa yako haina kosa lolote. Bajeti imekwisha kabla ya kuanza.

Wapo wanaoisogeza saa ya ndani kwa makusudi hadi megahezi 7.3728, kwa kuwa namba hiyo inagawanyika kamili kwa 115200, na ni ufundi mzuri kwa anayehitaji kasi hiyo. Mimi data yangu ya usiku mmoja ni ndogo. Nimebaki na 9600.

4. Kagua unacholinganisha nacho

Kusawazisha ni kulinganisha, na matokeo hayatazidi ubora wa kile kilichowekwa upande wa pili. Mafundi wengi tuna bodi ya Arduino Uno mezani, na inavutia kuifanya hakimu kwa sababu imeandikwa megahezi 16. Lakini kwenye Uno ya kawaida chipu kuu inaendeshwa na resoneta ya kauri, si kristali, na kosa la resoneta linaweza kufika nusu asilimia. Kristali inayoonekana kwenye bodi hiyo ni ya chipu nyingine, ile inayoshughulikia USB. Ukimkabidhi Uno kazi hii, robo ya bajeti yako ya 2 imeondoka mikononi mwako.

Wengine hupendekeza umeme wa ukutani, kwa kuwa unapiga mara 50 kwa sekunde. Kwenye gridi kubwa wazo hilo lina nguvu. Lakini kwa miaka mingi umeme wa Kigoma mjini ulitoka kwenye majenereta ya dizeli yaliyosimama peke yake, na jenereta la namna hiyo huelemewa mzigo ukipanda na kuruka mzigo ukishuka. Jioni watu wote wanapowasha taa na pasi, mapigo hayo si 50 tena. Mpaka leo siutumii kama kipimo, na nikiwa kwenye kijiji kinachoendeshwa na jenereta ndogo siufikirii kabisa.

Ninavyoviamini ni vitatu. Kibadilishi cha USB chenye chipu ya CH340G na kristali yake ya megahezi 12 kinatosha kwa kazi ya kila siku. Saa ya DS3231 ni bora zaidi: kati ya nyuzi 0 na 40 kosa lake ni sehemu 2 kwa milioni, yaani kama dakika moja kwa mwaka. Juu ya vyote ni kipokezi cha GPS, kama NEO-6M, ambacho kina mguu unaotoa pigo moja kila sekunde likifuata saa za atomiki za setilaiti. Ufukweni anga ni wazi, na kipokezi kikishapata setilaiti zake unaiambia chipu ihesabu mizunguko yake kati ya pigo moja na linalofuata. Chipu iliyo sawa itafika 8,000,000. Kwa kuwa kaunta ya Timer1 ina biti 16 tu na inarudi sifuri kila baada ya 65,536, utaiona imezunguka mara 122 na kubaki na 4,608.

Ujiji wenyewe una kisa cha jambo hili. Mpelelezi Livingstone alikuwa ameingia bara mwaka 1866, na kwa miaka mingi alihesabu siku peke yake, akipita katika maradhi makali. Novemba 1871, akiwa Ujiji na Stanley, mwanahabari aliyekuja kumtafuta, mwezi wa Ramadhani ukaandama. Akalinganisha na kalenda ya mabaharia, akakuta hesabu yake imetangulia kwa siku 21. Hata tarehe ya kukutana kwao haiafikiani: Stanley aliandika 10 Novemba, shajara ya Livingstone inaiweka mwishoni mwa Oktoba. Livingstone hakuwa mzembe. Aliandika karibu kila siku, kwa uangalifu, lakini hapakuwa na kitu cha nje cha kumrudisha kwenye mstari. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba alirekebishwa na vitu viwili visivyotegemeana, mwezi wa mji ule na kitabu kilichochapwa mbali. Nami nikipata chipu yenye namba isiyo ya kawaida, naipima kwa GPS na tena kwa DS3231 kabla sijaihukumu.

5. Herufi U inatosha

Kwa maboksi mengi, kufunga GPS kwenye kila moja ni kujichosha. Kompyuta ikituma herufi U kubwa mfululizo, boksi lina kila linachohitaji. U ni 85, na biti zake hubadilishana: 1, 0, 1, 0, 1, 0, 1, 0. Ukiongeza 0 ya kuanzia na 1 ya kufungia, waya unapanda na kushuka kwenye kila biti. Unashuka mara tano ndani ya herufi moja, na kutoka mshuko wa kwanza hadi wa tano ni muda wa biti 8 kamili.

Kwa 9600 huo ni muda wa maikrosekunde 833.3. Chipu ya megahezi 8 iliyo sawa itahesabu mizunguko 6,667. Ikihesabu 6,800 inakimbia kwa asilimia 2. Ikihesabu 6,530 imechelewa kwa kiasi kama hicho. Waya wa kupokea nauunganisha pia na mguu wa ICP1, ambapo chipu yenyewe hunakili kaunta mara tu waya unaposhuka, bila kusubiri programu imalize ilichokuwa ikifanya. Na napima mshuko hadi mshuko, kamwe si mshuko hadi mpando. Kwenye waya mrefu wa kibandani mpando huwa mlegevu na mshuko mkali. Ukichanganya viwili hivyo unapima ulegevu wa waya pamoja na saa. Ukibaki na mishuko mitupu, ucheleweshaji unakuwa uleule mwanzo na mwisho, unajifuta.

Namba inayobadilishwa iko kwenye rejista iitwayo OSCCAL. Kila chipu inapowaka hujiwekea yenyewe thamani iliyopewa kiwandani. Ukiongeza namba saa inakwenda mbio, ukipunguza inatulia, lakini kuna mtego katikati. Biti ya juu ya rejista hii huchagua moja kati ya ngazi mbili, na ngazi hizo zinapandana: 127 ni mbio zaidi kuliko 128. Programu inayotafuta kwa kukata katikati kuanzia 0 hadi 255 itafika hapo na kupotea. Mimi hubaki kwenye ngazi ileile ambayo kiwanda kimechagua, nasogea hatua moja moja, naitupa U ya kwanza baada ya kila badiliko, kisha nachukua wastani wa kadhaa zinazofuata.

Kijana anayejifunza kwangu alitaka kila boksi lifike 6,667 barabara. Haiwezekani. Hatua moja ya OSCCAL husogeza mwendo kwa kiasi kinachoonekana, ingawa hakifiki asilimia 1. Ukipata 6,650 kwenye hatua moja na 6,690 kwenye inayofuata, chukua 6,650 uende zako. Umekosea kwa robo asilimia, na bajeti ni 2.

Thamani nzuri huhifadhiwa kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyopotea umeme ukizimwa. Hapo nina taratibu tatu ambazo siziruki. Programu ikisoma 255 haiitumii, kwa kuwa hiyo ndiyo namba ya EEPROM tupu. Inaposogea kutoka thamani ya kiwanda kwenda ya kwangu, inapita hatua zote za katikati badala ya kuruka. Na fyuzi ya EESAVE lazima iwashwe, la sivyo siku utakapopakia programu mpya chipu itafutwa yote pamoja na namba uliyoitafuta kwa jasho. La nne ni la tahadhari tu: usivuke megahezi 8.8, kwa sababu uandishi wa EEPROM na wa kumbukumbu ya programu unaweza kushindwa.

6. Sawazisha mahali kifaa kitakapoishi

Hili ndilo ningemwambia fundi yeyote kama angekuwa na nafasi ya kusikia moja tu. Ile asilimia 1 ya kitabu ni ya volti moja na joto moja. Mezani kwangu kuna feni, na chipu inakula volti 5 za USB. Betri ya mvuvi inatoka ziwani alfajiri, imelowa umande, inawekwa juu ya bati kusubiri zamu ya kuchajiwa, na kufika saa nane mchana boksi lake jeusi limepita nyuzi 50 ndani. Chipu ni ileile, lakini hali hizo si za mezani.

Volti ndiyo rahisi kutibu. Betri ya volti 12 hupanda hadi 14 na zaidi ikichajiwa, na kushuka chini ya 11 ikichoka, lakini chipu haina haja ya kuyajua hayo yote. Regyuleta nzuri ya volti 3.3 inayaficha, na usawazishaji wote unafanyika kwa 3.3 hiyohiyo. Mtu asisawazishe kwa 5 za USB halafu akafunga kwa 3.3.

Joto halifichiki. Nilianza kuchukua hesabu ya U ya boksi lilelile mara mbili kwa siku, alfajiri linaporudi na mchana likiwa kwenye bati, na tofauti kati ya hesabu hizo mbili katika maboksi mengi ilizidi asilimia moja. Kwa hiyo sichagui tena OSCCAL inayong'aa mezani. Nachagua ile inayoligawa kosa: kidogo upande huu alfajiri, kidogo upande ule mchana, pande zote mbili zikiwa mbali na ukuta.

Mwezi ndio unaonipangia ratiba. Siku za mbalamwezi taa haishindani na mwanga wa angani, wavuvi wengi hupumzika, na maboksi hujaa kibandani. Siku za giza hupati hata moja la kukaa nalo kwa utulivu. Ndiyo maana kazi hii naifanyia kibandani kwao, kwenye jua lao, nikiwa na kompyuta kuukuu na kibadilishi changu.

Baadaye niliongeza njia ya pili, nayo imeondoa simu nyingi za vichorochoro. Kisomaji kinapochomekwa hakiulizi kitu. Kinatuma kwanza mfululizo wa U, boksi linazipima na kujirekebisha lenyewe kwa joto la saa hiyo, ndipo mazungumzo yanaanza. Kinachofanya jambo hili liwezekane ni kwamba boksi halisomi herufi hizo kama herufi. Linapima mishuko tu, kwa hiyo hata likiwa limepotea kwa asilimia 8 bado linajua limepotea kwa kiasi gani. Nimeliwekea sharti moja: hesabu kadhaa mfululizo zikaribiane, vinginevyo lisiguse OSCCAL, maana kuchomeka waya wenye chumvi ya jasho na magamba ya dagaa huleta mishtuko inayofanana na mishuko. Watengenezaji wa magari wanatumia wazo hilihili kwenye mtandao wa waya uitwao LIN, unaoendesha vitu kama vioo vya milango. Kila ujumbe wa LIN hutanguliwa na baiti ya biti zinazobadilishana, sawa na U yetu, ili vifaa visivyo na kristali vijipange kwanza.

7. Saa ya biti haitoshi kuwa saa ya siku

Asilimia 1 ambayo UART inaimeza bila kuhisi ni dakika 14 na sekunde 24 kwa siku. Kwa hiyo boksi halijui ni saa ngapi; linahesabu tu muda uliopita, na kisomaji chenye DS3231 ndicho kinachogonga muhuri wa tarehe na saa. Nilifikiria pia kuchukua saa kutoka mtandao wa simu. Lakini ukipita Gombe kuelekea Kagunga, laini inaweza kushika mnara wa Burundi, na Burundi iko saa moja nyuma yetu, kama ilivyo Kongo ng'ambo ya ziwa. Kwa deni la betri, saa nzima ni fedha ya mtu.

8. Ujumbe ujithibitishe

Hata baada ya yote hayo, kila mstari unaotoka kwenye boksi unamalizika na jumla ya kukagulia, ya aina ileile inayotumiwa na vipokezi vya GPS: baiti zote zinapitishwa kwenye XOR, na jibu linaandikwa mwishoni baada ya nyota. Mstari usiolingana unaombwa upya. Namba ya volti iliyoharibika nusu ni mbaya kuliko kimya, kwa sababu mtu ataiamini.

9. Andika namba ndani ya kifuniko

Kila boksi langu lina karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko: tarehe, thamani ya OSCCAL ya kiwanda, thamani yangu, hesabu ya U ya alfajiri na ya mchana. Awali nilidhani itanisaidia kujua kama saa hizi zinazeeka. Kwa muda niliozifuatilia hazijasogea kiasi cha kunitisha, lakini karatasi hiyo imekuwa na kazi nyingine ambayo sikuitarajia.

Saa ya ndani huathiriwa na volti, kwa hiyo hesabu ya U inayohama kwa joto lilelile inasema jambo kuhusu umeme unaoifikia chipu. Boksi moja la Katonga lilikuwa linaongea vizuri, hakuna aliyelalamika, ila hesabu yake ya alfajiri ilikuwa inasogea upande mmoja kila nilipoipima. Nililifungua nikiwa na mita. Unyevu ulikuwa umekula mguu wa regyuleta, na zile volti 3.3 zilikuwa zimeshuka chini ya 2.6. Nilisafisha, nikalehemu regyuleta mpya, nikapaka vanishi juu yake, nikapima tena. Hesabu ikarudi kwenye ile iliyoandikwa kifunikoni, na tangu hapo hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ninayoiangalia kwenye kila boksi linaloletwa, hata kama lililetwa kwa kuvunjika kifuniko tu.